Fundi Anasahau Vipimo, na Wifi Anasema ni Dawa

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba unisamehe barua ikiwa ndefu, kwa sababu haya mambo sijamwambia mtu yeyote na yamenijaa mpaka hayana tena pa kukaa. Mimi ni mke wa fundi wa suti na mwenyewe ni mshonaji, kazi yetu tunaifanyia kwenye chumba cha mbele cha nyumba tunayoishi, yeye anapima na kukata, mimi nashona, na tumekuwa hivyo tangu binti yetu akiwa wa kubebwa mgongoni mpaka leo ambapo naye ana mume wake na nyumba yake. Mume wangu na mimi tunaishi na virusi vya UKIMWI, tuligundulika pamoja, tukaanzishiwa dawa pamoja, na tunameza dawa za aina moja kila jioni tumekaa kitanda kimoja, na miaka yote hii afya zetu zimekuwa nzuri kiasi kwamba hakuna anayetudhania, si wateja, si majirani, si hata binti yetu, anayejua ni wifi yangu peke yake, dada yake mume wangu, maana yeye ndiye aliyetushika mkono wakati ule.

Shida iko kichwani kwa mume wangu. Inabidi uelewe kwanza kwamba huyu mtu hajawahi kuandika kipimo cha mteja maisha yake yote. Alikuwa anapitisha futi, kifua, bega, mkono, kiuno, anaongea na mteja habari za mvua, halafu anakwenda mezani na chaki yake anakata, na mteja huyo akipiga simu baada ya miaka mitatu akiwa mbali akasema fundi nataka suti nyingine, anakatiwa bila kupimwa na inamkaa. Watu walikuwa wanatania kwamba fundi anavijua viuno vya waume za watu kuliko wake zao wanavyovijua. Ndiyo ilikuwa sifa yetu, na ndiyo iliyokuwa inatuletea kazi.

Sasa anapima kifua, anageuka, kabla hajafika mezani namba imeshapotea, anarudi kupima tena na mteja anacheka akidhani ni mchezo. Akipigiwa simu na mteja wa zamani anaitikia vizuri tu, anasema usijali nakujua, akikata simu ananiangalia mimi. Nimekuwa nawaambia wateja wa zamani kwamba wamenenepa waje wapimwe upya, hata waliokonda nawaambia hivyo hivyo, na mmoja amekasirika hajarudi. Mwezi uliopita alikata koti la mwalimu mkuu mmoja, vipande viwili vya mbele vyote vikawa vya upande wa kulia, na kitambaa alikuja nacho mwalimu mwenyewe na kilikuwa kimekwisha, mume wangu akavishika vile vipande akavigeuza, akavigeuza tena, halafu akaniambia nimeshona vibaya, na mimi nilikuwa bado sijavigusa hata kwa uzi. Nilizunguka maduka kutwa nzima nikitafuta kitambaa kinachofanana, nikakata mwenyewe, na mpaka leo mwalimu anamsifia fundi.

Na hasira, mshauri, hasira ambazo hakuwa nazo. Alikuwa mtu mpole wa kumwonea huruma, sasa chai ikipoa kidogo ni ugomvi, sindano ikianguka ni ugomvi, halafu baada ya muda anaacha, anaangalia mikono yake, na mimi sijui kama ameacha kwa sababu amejuta au amesahau tulichokuwa tunagombania.

Anakunywa, hilo sitaficha. Zamani alikuwa anakunywa bia mbili baada ya kazi pale baa ya kona na wenzake, kinyozi na muuza vipuri, lakini miaka ya karibuni akinywa ulimi unalegea, na siku moja kinyozi alinisimulia akicheka kwamba fundi kawaambia ana siri nzito kuliko makoti yote aliyoshona, basi tangu hapo nikaona heri anywe nyumbani, namchukulia mimi kwenye duka la mtaa wa pili ambako hawatujui, chupa nazifunga kwenye mabaki ya bitana zisigongane njiani, anakunywa chumbani mlango umefungwa tukiwa wawili tu, na kwa hilo kusema kweli nimepata amani, ila kiasi kimepanda, sasa ni bia tano au sita kila siku na mara nyingine kile kichupa kidogo cha pombe kali juu yake, na mwisho wa wiki anapozidisha hamezi dawa kabisa, anasema dawa na pombe zikikutana tumboni zinageuka sumu, bora asubiri pombe itoke, na mimi sikumbishia kwa sababu hata mimi niliwahi kusikia hivyo.

Kliniki ya mwisho muuguzi alisema virusi vya mume wangu vimepanda kwenye damu, akamuuliza kama anatumia pombe, akasema aliacha zamani. Muuguzi akanigeukia mimi. Niliangalia kalenda ya ukutani nikasema ndiyo, aliacha. Mume wangu alikuwa ameniapisha tangu nyumbani, kwa sababu alisikia kwamba ukisema unakunywa wanakukatia dawa.

Kilichonifanya nichukue kalamu ni hiki. Juzi mchana nilitoka kununua vifungo, niliporudi nikasikia harufu tangu barazani. Pasi ilikuwa imelala juu ya koti la bwana harusi, moshi unapanda, na mume wangu amekaa kwenye kiti chake pembeni, mikono magotini, anaitazama. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, nani anaunguza kitu?" Nikachomoa waya. Nikafungua madirisha. Ndipo akaelewa, akainama, akasema, "Nilijua kuna kitu natakiwa kufanya. Nilikuwa nakitafuta." Halafu akalia, na sijawahi kumwona akilia, hata siku tuliyopewa majibu yetu hakulia.

Nikampigia wifi, akaja siku ile ile. Yeye anasema ni dawa. Anasema dawa za miaka yote hiyo zimempanda kichwani, kemikali zimejaa, tuzipumzishe miezi mitatu, atamchukua akae kwake ale vizuri na apumzike. Wifi yangu anampenda kaka yake, sina ubaya naye. Na mume wangu amekubali haraka, hajawahi kukubali kitu haraka namna ile. Wifi atakuja kumchukua mwisho wa mwezi, na kabla ya hapo, wiki ijayo, tuna siku ya kliniki, na ameshaniapisha tena.

Nimechoka, mshauri. Naamka nimechoka. Nakata, nashona, na nakumbuka kwa niaba ya watu wawili. Kuna saa nafikiri nimwache tu aende kwa dada yake, dawa zipumzike, na mimi nilale. Naomba uniambie, je, tuzipumzishe?

Mke wa Fundi

*

Mke wa Fundi,

Pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili polepole, maana nukta umezibania na msomaji hana pa kuvutia pumzi. Nikaelewa kwamba mwandishi naye hajavuta pumzi siku nyingi. Unafanya kazi ya watu wawili na unaificha isionekane kama kazi. Huo ni mzigo, na hakuna aliyekuambia asante, kwa hiyo nakuambia mimi.

Sasa kaa vizuri, pole imekwisha.

Jibu la swali lako ni hapana. Dawa hazipumzishwi, hata siku moja. Mwambie wifi yako hivyo, mwambie na kwamba ninamheshimu. Lakini kabla ya kumwambia yeye, jiulize wewe: umemeza dawa zile zile, miaka ile ile, kwenye kitanda kile kile. Mbona kichwa chako ndicho kinachoendesha duka zima, kinakumbuka vipimo, kinatafuta vitambaa na kinatunga uongo kwa wateja? Najua miili haifanani na huo si ushahidi wa kidaktari. Lakini hilo lingetosha kukufanya ujiulize mwenzako ana nini tumboni ambacho wewe huna.

Mimi si daktari, kwa hiyo kuna mmoja ninayemsumbua mara kwa mara, nikampa habari yako bila chochote cha kukutambulisha. Alinieleza hivi. Virusi hivi huingia mpaka kwenye ubongo, na huingia mapema. Dawa zikimezwa vizuri huvitiisha, lakini hata hapo ubongo unaweza kubaki na kidonda kinachofukuta polepole. Pombe nayo inachokoza mahali hapo hapo. Kila kimoja peke yake ni shida, vikikutana vinasaidiana. Ndiyo maana bia ambazo kinyozi anakunywa na kesho yake ananyoa bila kumkata mtu sikio, mumeo haziwezi. Kinachoguswa mapema ni kumbukumbu ya jambo la sasa hivi, na kupanga kazi yenye hatua nyingi, na wepesi wa mikono, na subira. Namba inapotea kati ya mteja na meza. Mtu anajua kuna kitu cha kufanya na hakioni. Daktari hakumwona mumeo na hakusema kwa hakika kwamba ndicho hicho. Alisema tu kwamba kwa maelezo haya hashangai.

Halafu mnaongezea petroli. Hizo siku anazoruka dawa ili pombe itoke kwanza, ndizo siku virusi vinapewa nafasi ya kupumua. Matokeo yake mmeshayasikia kutoka kwa muuguzi. Dawa hizi na bia hazigeuki sumu tumboni. Sisemi anywe. Nasema akiwa amekunywa, ameze, saa yake ikifika, hata kama anayumba. Haya maneno ya mitaani yamewalaza watu wengi kitandani, na wewe mtu wa miaka yote hiyo kliniki ungeweza kuuliza swali moja tu.

Sasa tuje kwenye jambo ulilolipitisha katikati ya barua haraka haraka, ukitumaini nitakuwa nimesinzia. Pombe unanunua wewe. Unakwenda mtaa wa pili, unazifunga chupa kwenye bitana, unafunga mlango, unamimina. Mama, baa hukuiacha pale kona, umeihamishia chumbani kwako na mhudumu ni wewe. Kule kulikuwa na bia mbili, kulikuwa na wenzake wa kumwambia fundi nenda nyumbani, na kulikuwa na saa ya kufunga. Kwako hakuna saa ya kufunga. Umeniandikia kwamba umepata amani. Hiyo amani unainunua kwa kichwa chake, kidogo kidogo, na kichwa hicho ndicho kilichokuwa kinawalisha.

Sidharau hofu yako. Najua mteja anayejua jambo kama hili anavyoweza kugeuka, ghafla suti ya dukani ikawa nzuri kuliko ya fundi. Nimepokea barua za watu waliopoteza kazi, nyumba na hata ndugu kwa neno moja lililotoka kwenye mdomo wa mlevi. Usinione nakaripia ukadhani nimesahau watu walivyo. Lakini pima vizuri, wewe ni mtu wa vipimo. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini kinachowaumbua si maradhi, hayo mmeyamudu miaka yote kwa nidhamu ambayo wengi hawana. Ni pombe mnayoificha. Ukiendelea kumnywesha ili asiitoe siri yenu, itafika siku ataisahau siri yenyewe, na jina lako pamoja nayo. Hapo hakuna wa kuitoa tena.

Naona na kwa nini amekubali haraka kwenda kwa dada yake. Mtu akiambiwa kosa ni la dawa, hahitaji kuacha kitu anachokipenda. Na wewe ukiambiwa hivyo huhitaji kuacha kwenda mtaa wa pili. Dawa zimekuwa mgeni asiyekuwepo, kila mtu anamtupia lawama.

Kuna jambo nakukataza. Ukimaliza kusoma hapa usikimbilie kumwaga chupa zote kwenye shimo. Mtu anayekunywa kiasi hicho kila siku akikatishwa ghafla anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kupata degedege, na wengine wamekufa hivyo. Kuacha kwake kupangwe na watu wa kliniki. Na hiyo kliniki usiisubiri wiki ijayo, mtu aliyeunguza koti akiwa analiangalia hasubiri tarehe. Nendeni kesho, wataelewa. Akianza kutetemeka, kuona visivyokuwepo, au kichwa kikimuuma sana na homa juu yake, hiyo ni hospitali saa ile ile.

Huko waambie yote, na koti la mwalimu mkuu pia. Omba wampime kumbukumbu, kuna maswali na michoro wanayotumia kwa kazi hiyo. Wapime shinikizo la damu na sukari, waangalie kama kuna maradhi mengine yaliyojificha, waangalie na moyo wake, maana mtu aliyelia vile inawezekana ana huzuni ya muda mrefu inayomfanya anywe. Uliza na kuhusu dawa zenyewe. Zipo chache zinazowasumbua watu wengine usingizi na mawazo, na daktari anaweza kuzibadilisha. Lakini atajuaje kama ni dawa wakati ameambiwa mgonjwa hanywi? Mnamdanganya mtu halafu mnasema hajui kutibu. Na ile hadithi ya kwamba mnywaji anakatiwa dawa, itupeni. Mnywaji ndiye anayezihitaji zaidi. Mkikuta anayewakaripia, ombeni mwingine, wapo wenye masikio.

Kazini, pasi ishike wewe, asiachwe nayo peke yake. Mkasi usimnyang'anye. Akate, na wewe uangalie vipande kabla kitambaa hakijaguswa, na vipimo viandikwe kuanzia sasa, mwambie ni kwa ajili yako, kwamba wewe ndiye unayesahau. Uongo huo mdogo nakuruhusu, ndio wa mwisho.

Wifi usimfukuze. Yeye ndiye mtu pekee duniani anayeijua siri yenu, na habari ya pombe mwambie pia. Asimchukue kaka yake. Aje yeye akae kwenu wiki mbili, alale chumba cha binti yako, amshike kaka yake jioni zile ngumu, na wewe ulale. Nasema ulale kweli, mlango umefungwa, mtu mwingine akiwa zamu.

Nilimuuliza daktari kama kichwa kitarudi. Nilitaka anipe neno zuri la kukupelekea. Hakunipa. Alisema wengi wakiacha pombe na kumeza dawa bila kuruka hupata nafuu, wengine kubwa, wengine ndogo, na kadiri mtu anavyochelewa ndivyo inavyokuwa ndogo. Huenda asivikumbuke tena viuno vya waume za watu. Huenda akakumbuka pasi. Nimekueleza nilivyoambiwa, kwa sababu umedanganywa vya kutosha, na mengine umejidanganya mwenyewe.

Kesho, basi. Kaa karibu naye, mshike mkono kama hamwoneani aibu. Kalenda ya ukutani iache ilipo. Muuguzi akiuliza kama anakunywa, mwache mumeo ajibu kwanza, mpe muda, huenda akakushangaza. Akidanganya, sema wewe, mbele yake, kwa sauti ya kawaida, "Anakunywa kila siku, na ninayemnunulia ni mimi."